Binti mkubwa hataki tena kutoka na mama yake: jibu kwa mama wa mabinti wawili

Swali: Mimi ni fundi cherehani, naishi Kimara, Dar es Salaam, na nina mabinti wawili, mmoja ana miaka 12 na mwingine 7. Tangu mkubwa akiwa mdogo, Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunakwenda Coco Beach, tunakula mihogo, wanacheza majini, nawapiga picha na kuziweka kwenye status, jioni tunarudi nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yangu ya wiki nzima. Tangu mwaka huu uanze, mkubwa anasema, "Nyinyi nendeni tu," anabaki ndani na simu ya baba yake. Nikimlazimisha anakuja amenuna na siku nzima inaharibika, na nikimwacha mdogo analia kwamba dada haji. Ameomba aje na rafiki yake nikakataa, kwa kuwa huu ni wakati wetu wa familia. Mwakani anaingia kidato cha kwanza na huenda akaenda bweni. Je, nimlazimishe au nimwache? Kipato changu ni kidogo, mambo ya hoteli na mbuga za wanyama siyawezi.

Jibu: Dada, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na jambo la kwanza ninalotaka ulijue ni kwamba sioni humo dalili yoyote ya mtoto aliyeacha kumpenda mama yake. Ninachokiona ni binti wa miaka 12 anayepangiwa matembezi yaleyale aliyopangiwa akiwa na miaka 5. Kwa hiyo usimlazimishe, na pia usimwache. Mabadiliko yanayohitajika ni katika nafasi yake ndani ya matembezi hayo: hadi sasa amekuwa mtu wa kupelekwa, naye amefika umri wa kushirikishwa katika kuamua mnakwenda wapi, saa ngapi, kwa nauli gani na kwa sababu gani. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Tuanze na umri wenyewe, kwa maana ufukwe una tatizo ambalo huenda hakulitamka. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13. Matiti huanza kuota, urefu huongezeka kwa kasi, na hedhi ya kwanza kwa kawaida huja miaka miwili hivi baada ya dalili za mwanzo. Binti wa miaka 12 huwa yuko katikati ya safari hiyo, ama ameshaanza kupata hedhi, ama anaingoja kwa wasiwasi. Sasa jiweke mahali pake: unaambiwa uingie baharini na nguo nyepesi inayoganda mwilini ikilowa, mbele ya umati wa Jumapili ambao ndani yake huenda wakawemo wavulana wa darasani kwako, na mama yako amekushikia simu anakupiga picha. Kwa mdogo wako hiyo ni furaha tupu, lakini kwako wewe ni mtihani. Katika kazi hii ya ushauri wa malezi nimekutana na mabinti wengi waliosema "sijisikii kwenda" huku maana yao ikiwa ni kwamba wanaogopa kuchafua nguo hadharani na hawajui wamwambie nani.

Nakushauri, kabla ya kupanga matembezi mengine yoyote, umwandalie kimkoba kidogo cha kwake mwenyewe, ndani yake mkiwa na pedi, chupi ya akiba, mfuko wa kuwekea nguo iliyochafuka na khanga moja, hata kama hedhi bado haijaanza. Mpe bila hotuba ndefu, mwambie kwamba kila mwanamke anayetoka nyumbani hubeba vitu hivyo, na kwamba siku akivihitaji hatalazimika kumwomba mtu ruhusa wala kutoa maelezo. Kitendo hicho peke yake huweza kuwa kimeondoa nusu ya kikwazo. Mwambie pia waziwazi kwamba akienda ufukweni halazimiki kuingia majini, wala hutamuuliza sababu.

Huenda ukasema kwamba umejaribu kuzungumza naye na hakuna linalotoka. Nakuamini, ila nauliza mlizungumza mkiwa mmekaa vipi. Mtoto wa umri huu akikalishwa kwenye kochi akatazamwa usoni na kuulizwa "una nini siku hizi?", hujifunga, kwa sababu mkao wenyewe unafanana na wa kuulizwa kosa. Maneno humtoka vizuri zaidi pale mikono ina kazi na macho hayakutani, na wewe unayo nafasi ya aina hiyo ambayo haigharimu kitu: kumsuka. Jumamosi jioni, wewe juu ya kigoda, yeye juu ya mkeka mbele ya magoti yako, kitana na kopo la mafuta ya nazi pembeni. Gawa nywele, anza mstari wa kwanza wa twende kilioni kutoka pajini kuelekea utosini, na mistari miwili mitatu ya mwanzo usiulize chochote. Hakuoni uso, wewe humwoni machozi wala aibu, na hakuna kati yenu anayeweza kuondoka kabla kichwa hakijaisha. Mara nyingi yeye ndiye atakayeanza, na ataanza kwa habari za mtu mwingine: "Mama, kuna msichana wa darasani kwetu..." Msikilize kuhusu huyo msichana wa darasani kwa uzito uleule ambao ungemsikilizia yeye mwenyewe, na usikimbilie kuhukumu, kwa kuwa anapima kwanza utaipokeaje habari ile kabla ya kukuletea ya kwake.

Wazee wetu wa pwani walilijua vizuri jambo hili, ndiyo maana msichana alipokaribia kuvunja ungo alikabidhiwa somo au kungwi, mwanamke mzima asiye mama yake mzazi, ili yale ambayo ni mazito kumwambia mama yapate masikio mengine ya kuaminika. Sikuelekezi urudishe desturi yote ya unyago, lakini wazo lililokuwa ndani yake bado linafaa. Kama una dada, wifi au rafiki unayemwamini kabisa, mruhusu binti yako awe karibu naye, waende pamoja dukani au sokoni siku mojamoja, wala usimbane huyo shangazi au mama mdogo akupe ripoti ya kila kilichosemwa.

Kuhusu picha nitasema wazi, kwa sababu umeligusa kwa kupita tu nami naona lina uzito. Mtoto mdogo hajali picha yake ya ufukweni ikionekana kwenye status ya mama. Wa miaka 12 anajua kwamba namba yako wanayo wazazi wa wenzake, mwalimu wake wa darasa na majirani, na kwamba picha yake akiwa amelowa maji inaweza kuwa mazungumzo ya shule siku ya Jumatatu. Usiweke tena picha yake yoyote mahali popote bila kumwonyesha kwanza na kupata kibali chake, na akikataa, ifute mbele yake. Unaweza kupata hasara ya picha chache nzuri, lakini utakachokipata ni binti anayejua kwamba akiwa na mama yake mwili wake na sura yake ni mali yake. Akiwa mbali nawe bweni, atahitaji sana kuwa na uhakika huo.

Baada ya hayo, tuyatazame matembezi yenyewe. Coco Beach si lazima muiache, ila mpe mkubwa sababu mpya ya kwenda. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku nyakati zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, hayo ndiyo watu wa pwani huita bamvua. Mkabidhi kazi ya kuangalia mwezi, kutafuta kwenye ile simu ya baba yake saa ya maji kupwa, kisha yeye ndiye aseme safari hii tunakwenda saa ngapi. Siku za bamvua maji hupwa sana katikati ya asubuhi, kwa hiyo huenda ikabidi safari iwe ya Jumamosi au ya siku ya sikukuu badala ya Jumapili baada ya ibada, na mtakuta eneo kubwa la mchanga na miamba limebaki wazi, lenye vidimbwi ambamo mdogo atatafuta kaa, kome na viti vya pweza huku mkubwa akimwongoza. Kutembea miambani ukiwa umevaa kandambili na gauni lako la kawaida hakuna aibu ya kulowa mbele za watu. Jambo la kusisitiza ni kwamba yule mdogo asiachiwe dada yake peke yake hata dakika moja karibu na maji. Maji yakianza kurudi hurudi upesi, na ulinzi wa mtoto baharini ni kazi ya mtu mzima, hata kama mtoto mkubwa anaonekana mwerevu namna gani.

Kimara mna neema ya usafiri ambayo wakazi wengi wa jiji hawana. Mwendokasi inayotoka kwenu hadi Kivukoni, iliyoanza mwaka 2016, inawashusha mahali ambapo mnaweza kutumia siku nzima kwa miguu. Nauli yenu watatu pamoja na vitafunwa mlivyobeba kutoka nyumbani ndiyo gharama kubwa ya siku hiyo. Mpe mkubwa pesa yote ya safari mkononi asubuhi, mwambie kiasi hiki ndicho tulicho nacho hadi jioni, yeye akate tiketi, yeye aamue kama mtakunywa dafu au mtaongeza kiingilio cha mahali fulani. Akikosea hesabu, usimwokoe haraka. Mkirudi bila kula mihogo ya kukaanga siku moja, hakuna aliyeumia, na wiki inayofuata ataonyesha umakini ambao hujawahi kuuona kwake.

Kutoka Kivukoni mnaweza kupanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, safari ya dakika chache ambayo kwa mtoto wa miaka 7 ni safari kamili ya baharini, yenye honi, upepo na meli kubwa zinazoingia bandarini. Mnaweza pia kutembea hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Hapo ningependa uwapeleke wote wawili kwa sababu maalumu. Makumbusho hayo yanahusika na hifadhi ya fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu linalojulikana kama Zinjanthropus, lenye umri wa miaka takriban milioni 1.75, lililopatikana Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Aliyeliona alikuwa mwanamke, Mary Leakey, ambaye asubuhi hiyo alitoka kuzunguka bondeni na mbwa wake wakati mumewe akiwa kambini amelala na homa, akaona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye udongo. Mama huyo huyo, karibu miaka 20 baadaye, aliongoza kazi iliyogundua nyayo za Laetoli, za viumbe wa kale wa jamii hiyo hiyo, zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Binti anayeanza kujiuliza mwanamke anaweza kuwa nani akisikia habari hiyo akiwa mahali penyewe, hutaona tena uso wa kununa. Mkiwa njiani, msipite tu mtaa wa Bibi Titi Mohamed kama jina la kituo. Waeleze kwamba alikuwa mtoto wa jiji hili, aliyezaliwa mwaka 1926, mwimbaji wa vikundi vya ngoma, ambaye katikati ya miaka ya 1950 aliwakusanya wanawake wa Dar es Salaam kwa maelfu kuingia TANU. Maktaba Kuu ya Taifa iko katika mtaa huohuo, na ina sehemu ya watoto.

Siku nyingine nendeni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kando ya barabara ya Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali, na mara nyingi alasiri huchezwa ngoma. Watafute nyumba inayofanana na ile aliyokulia bibi yao, waingie ndani wainame mlangoni, na wewe uwasimulie unachokikumbuka. Kuna mambo ya utoto wako ambayo huwezi kuyasimulia ukiwa mbele ya cherehani, lakini ukiona kinu, mafiga na kitanda cha kamba yanakuja yenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona muhimu kuliko yote hayo. Barua yako inazungumzia matembezi ya watatu tu, na hakuna mahali unaposema umetoka na mkubwa peke yake. Watoto hawa wamepishana miaka mitano, na kila mnapotoka pamoja mwendo unakuwa wa mdogo: mdogo amechoka, mdogo ana njaa, mdogo anataka kubembea. Mkubwa amekuwa yaya wa siku ya mapumziko bila mtu kukusudia. Anahitaji saa zake nawe, na wewe kwa kazi yako unazo tayari, kwa maana hakuna fundi cherehani wa Dar es Salaam asiyekwenda Kariakoo. Safari yako ijayo ya kununua vitambaa, mwache mdogo kwa baba yake na uende na mkubwa.

Usimchukue kama mbeba mizigo. Mfundishe kukishika kitambaa kwa vidole viwili na kukivuta kimshazari aone kinavyonyumbuka, kukikunja kiganjani kwa nguvu na kukiachia aone kama kinabaki na mikunjo, kukigeuza nyuma kuangalia kama rangi ya kitenge imepenya au imekaa upande mmoja tu. Mwonyeshe tofauti ya zipu ya meno ya chuma na ile ya plastiki, na kwa nini gauni la harusi halishonwi kwa uzi uleule wa sare ya shule. Mwache asikie unavyopatana bei, halafu duka linalofuata apatane yeye mwenyewe, hata kama atazidishiwa kidogo. Kisha mwambie achague kitambaa chake kwa bajeti utakayompa, mrudi mkakate pamoja, na ashone mshono mmoja ulionyooka kwa mkono wake, hata kama ni pindo tu. Nimeona mama wengi wakitafuta furaha ya kuwa na mabinti zao mahali pa mbali wakati ustadi wao wenyewe, ule ambao mtoto amekuwa akiusikia ukilia usiku chumba cha pili tangu azaliwe, haujawahi kufunguliwa mlango kwa ajili yake. Akila chakula cha mchana nawe kwa mama ntilie, na wote wawili mmechoka na mna vumbi la Kariakoo miguuni, mtazungumza kama wanawake wawili waliofanya kazi pamoja.

Mdogo naye apate siku yake, na yake ni rahisi zaidi. Loweka mchele usiku, asubuhi usage na tui la nazi, hamira, sukari na iliki, uache uumuke, kisha mkae pamoja jikoni mpike vitumbua. Wa miaka 7 anaweza kupima sukari, kuponda iliki na kuangalia vitobo vinavyotokea juu ya unga na kukuambia sasa ni wakati wa kugeuza, ingawa kugeuza kwenyewe bado ni kwako kwa sababu ya mafuta ya moto. Siku hiyo mkubwa akibaki na simu yake, mwache. Akitokea akasimama mlangoni akiuliza kama vimeiva, mpe sahani na usitie neno kuhusu kwa nini hakusaidia.

Kuhusu bweni, usiifanye kila Jumapili iwe ya kuagana. Mtoto akihisi kwamba mama anahesabu siku zilizobaki, huanza kukwepa ili asiibebe huzuni hiyo. Jumapili nyingine mbaki nyumbani tu, mlale mchana, kila mtu na lake. Mtoto anayepewa haki ya kusema "leo sitoki" bila kuadhibiwa kwa uso wa huzuni wa mama, ndiye anayesema "leo twende" kwa moyo wake.

Limebaki suala la rafiki, na hapa natofautiana na uamuzi wako. Mruhusu. Katika umri huu urafiki ndio unaomsaidia binti kujijua, na anapoomba kumleta rafiki yake kwenye matembezi ya mama yake anakuonyesha kwamba haoni aibu nawe. Si kila mara, labda safari moja kati ya tatu au nne, na zilizobaki ziwe zenu wenyewe kama unavyotaka. Kabla ya siku hiyo mpigie simu mama wa huyo rafiki, mweleze mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, muulize kama mtoto anajua kuogelea na kama kuna chakula kinachomdhuru, na mkubaliane nani atalipa nauli yake ili binti yako asiingie aibu kituoni. Mkiwa njiani, wao wawili wakae viti vya mbele yenu, wewe na mdogo mkae nyuma, mahali ambapo unawaona vizuri nao wana nafasi ya kunong'onezana. Mdogo akilalamika kwamba dada hachezi naye, siku hiyo wewe ndiye wa kucheza naye, kwa hiyo vaa viatu vya kukimbilia.